Wamerudishwa Tena, Baba Kulwa

Baba Kulwa,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kuuliza hali. Yako sijui niiulizeje, basi nianze na ya kwetu. Pacha wako wazima, wote wawili. Mimi nimechoka, lakini chakula kinapikwa na kinaliwa.

Jana lori la Mzee Masanja lilirudi kutoka mpakani na ng'ombe walewale. Wamerudishwa tena. Nilikuwa naosha masufuria ya supu pale mnadani, nikaliona linakuja polepole, nikajua halikushusha mzigo. Wakashushwa wanatetemeka miguu. Dume mmoja mwekundu akalala palepale alipokanyaga ardhi. Na mimi nikajikuta natazama juu ya mabomba ya lori, nakutafuta. Bado nafanya hivyo.

Sababu ni ileile. Ng'ambo wanasema ng'ombe wetu wana ugonjwa wa miguu na midomo. Wamechanjwa, vibali wanavyo, na kijana aliyewasindikiza anasema hakuna aliyefungua mdomo wa ng'ombe hata mmoja akatazama. Hata nyama ya waliokwisha kuchinjwa hawaitaki. Sasa wanunuzi wa bucha za Rwamgasa wanajua hatuna pa kwenda. Wanasimama mikono mifukoni, wanangoja jua liwe kali ili mfugaji akate tamaa. Na anakata. Anauza, anaondoka hata supu hanywi.

Nakumbuka safari yako ya mwisho. Dereva alikwenda kulala gesti pale mpakani, wewe ukabaki juu ya lori na mvua ile. Nilikuuliza kwa simu kwa nini, ukaniambia, "Akilala mmoja wenzake wanamkanyaga. Nikishuka, nani atamwinua?" Ulikuwa huwapigi. Ulikuwa unashuka katikati ya pembe, unamgusa na fimbo, unamwambia taratibu, "Inuka baba, tufike." Hamkufika. Ukarudi unakohoa, nikakupa supu ya moto, ukanitania kwamba dawa ni nzuri ila nyama nimeficha. Nilicheka. Sikujua kama nilitakiwa nilie. Daktari akasema ni mapafu, tumechelewa, na baada ya hapo

Niache hapo.

Leo asubuhi amekuja ofisa wa mifugo kutoka mkoani, kusikiliza shida zetu. Si unawajua wale wanaume wa benchi langu la supu, ambao wakishashiba wanafungua mipaka yote ya dunia? Mbele yake wakawa ndiyo mheshimiwa, sawa mheshimiwa. Nikangoja mmoja aseme. Nikachoka kungoja, nikanyoosha mkono wenye mwiko.

Mzee Masanja akasema, "Mama Kulwa, mheshimiwa ameshakunywa supu." Watu wakacheka. Nikapiga goti, nikamwamkia ofisa, shikamoo. Nikainuka. Sauti ilitoka nusu Kiswahili nusu Kisukuma, lakini nilisema. Nilisema biskuti zao na sabuni zao zipo kila duka hapa Ushirombo na hakuna anayezirudisha. Kama ng'ombe wetu anaumwa, wamfungue mdomo mbele yetu, wakimkuta mgonjwa tutamrudisha wenyewe wala hatutanung'unika. Lakini kumwacha amesimama kwenye lori, mvua inamnyeshea, hujamtazama, halafu unasema ni mgonjwa, hiyo siyo haki. Nikasema mume wangu alikuwa juu ya lori hilo, na yeye hakuna aliyemtazama.

Mzee Masanja akavua kofia.

Ofisa akasema amesikia. Wote huwa wanasikia, Baba Kulwa. Ila huyu akaongeza kwamba watu wa pande zote mbili watakutana mpakani, na mnada wetu utoe wasemaji watatu. Wakajichagua wawili, wakaanza kubishana juu ya wa tatu. Mzee Masanja akasema, "Na huyu wa supu aende." Safari hii hakuna aliyecheka.

Ni mpaka uleule. Sitaki kuiona barabara ambako wewe ulikaa juu ya lori unalowa. Nikasema nitafikiri, nikabeba masufuria yangu.

Nimefika nyumbani nikakuta Doto amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, ameshika fimbo yako. Kulwa amelala chini kwenye vumbi, ndiye ng'ombe. Doto anamgusa begani, anamwambia, "Inuka baba, tufike." Taratibu hivyohivyo. Sijui aliisikia lini. Kulwa anakataa kuinuka, anacheka tu, na mimi nikakaa mlangoni na masufuria mapajani.

Basi nitakwenda. Dada yako atabaki na watoto, ameshakubali, amesema nisipokwenda atakwenda yeye na atatukana watu. Nitavaa koti lako, linanifika magotini. Pengine wasifungue mwaka huu. Pengine watatupa chai na maneno mazuri. Lakini nitaomba ng'ombe mmoja aletwe pale mbele, afunguliwe mdomo, na sitakaa chini mpaka wamemtazama. Hilo nakuahidi. Na moyo wangu unaniambia wakimtazama mmoja, watamtazama na wa pili.

Wewe umeinua wa kutosha. Lala sasa, Baba Kulwa, lala kabisa. Zamu ya kusimama ni yangu.

Mkeo,
Mama Kulwa