Simaku Yenye Haikuacha Musumari

Katungu mujukuu wangu,

Mimi mukaka wako, mama ya mama yako, niko muzima hapa Butembo, Mungu asifiwe. Mama yako alirudi toka Oicha na kakao kidogo. Badogo bako banakusalimia sana.

Unaniuliza kama uache recherche yako ya ku université, juu simaku yenye unatengeneza, nyembamba kupita karatasi, inavuta tu mu baridi kali. Mu joto ya chumba inapoteza nguvu, na wewe unataka ifanye kazi mu mashini za batu.

Wakati nilikuwa binti, nilijifunza kutengeneza radio kwa mujomba wangu Paluku. Siku moja simaku nyeusi ya radio ilianguka mu makala ya moto ya mbabula, jiko yetu. Tukaitosha na koleo, lakini haikukamata hata musumari mudogo.

"Moto inaua simaku zote," mujomba akasema. "Acha hiyo. Enda ulime na banamuke benzako."

Mais mimi sikuenda. Nilitwaa simaku ya radio ya zamani, yenye ilitengenezwa na chuma ingine, nyeupe, nikaitia mu makala yaleyale. Nilipoitosha ingali moto, ikanyakua musumari. Mujomba akanipokonya koleo, akajaribu yeye mwenyewe. Musumari ukashikamana tena.

"Leta ingine, tuone."

Toka siku ile hakunituma tena mu shamba.

Donc, Katungu, joto haijashinda simaku zote. Imeshinda ile yenye uko nayo. Tafuta ingine. Na kama ile pia itaacha, lia kidogo, lala, na asubui uanze tena. Mimi nitakuwa ninakuombea.

Mukaka wako