Makopo Manne ya Mama Honorata

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke hapa mjini Łódź ukiwa na miaka themanini na mmoja. Watu huandika kwamba maumivu hupungua. Wewe uongo hukuupenda, basi hatutakudanganya: yamezidi.

Ulikuwa fundi wa kukata na kuunga filamu. Soksi zetu zilianikwa kamba moja na glavu zako nyeupe za kazini. "Nyie, mikono hiyo!" ulitufokea tukisogelea meza yako. "Jasho la kidole kimoja linaharibu kazi ya wiki nzima!" Na baba mdogo Zenon akirefusha hadithi kwenye chakula cha mkesha wa Krismasi, ulimkatia kwa vidole viwili mithili ya mkasi, naye akarudi kwenye samaki wake huku sisi tukicheka mpaka supu ya bitiruti inamwagika mezani.

Habari za yale makopo manne ya filamu yaliyokuwa stooni kwako hukutuambia. Mama mdogo Apolonia ndiye aliyetusimulia, nasi tulikuwa tumeshachelewa.

Wincenty Sulima alipokuwa bado mwanafunzi wa filamu, hajulikani na yeyote, wewe ndiye uliyemkatia filamu zake nne za kwanza. Moja ya wanawake wa kiwanda cha nguo wakivua viatu baada ya zamu, nyingine ya harusi isiyo na nyama. Serikali ikaamuru zichomwe. Ukapeleka motoni filamu za kufundisha wakulima, na zake ukazificha ndani ya makopo yaleyale, maandishi ukayaacha: "Mbawakavu wa Viazi, sehemu ya kwanza hadi ya nne." Watoto hatukuambiwa. Enzi zile mtoto asiyejua hakuwa na la kumponyoka shuleni.

Sulima akaenda ughaibuni, akarudi na jina kubwa, akahojiwa na kila gazeti, asikutaje hata mara moja. "Akizitaka, nyumba anaijua," ulimwambia dada yako. Miaka thelathini ikapita, yeye anaona haya kuja, wewe unaona kiburi kumwita. Ah, Mama!

Wiki mbili baada ya kukuzika tulisafisha stoo yako chini ya jengo. Makopo yalinuka siki, kama filamu zinavyonuka zikianza kuoza.

"Mama naye!" mwanao Dobromir akacheka. "Mbawakavu wa viazi! Nani atayatazama haya?"

"Mpe yule jamaa anayeyeyusha filamu kuukuu," binti yako Jagoda akasema. "Angalau tupate nafasi."

Tukampa yote manne kwa mikono yetu wenyewe, na tukamshukuru.

Jumamosi iliyofuata Bwana Sulima akabisha hodi, mzee wa mkongojo, ameshika maua. Akaketi kwenye kiti chako cha jikoni.

"Nimekuja kuzichukua zile za mwanzo," akasema. "Nataka watu wazione, na jina la mama yenu litangulie langu."

Jagoda akamweleza. Chai ikapoa.

"Zote?"

"Zote, mzee wangu."

"Hata moja haikubaki?"

Mzee akalia kwa kwikwi, akasema kila anachosifiwa kwacho alikiona kwanza mikononi mwako.

"Basi kayaseme hayo magazetini!" Dobromir akamfokea.

"Nitayasema, mwanangu. Nao wataniambia, tuonyeshe."

Akaondoka. Maua yake tuliyaleta kaburini kwako, na hatukuthubutu kukwambia yametoka kwa nani. Leo tunakwambia. Serikali nzima, na polisi wake na tanuri zake, ilishindwa kuiangamiza kazi yako, Mama. Tuliweza sisi wanao, kwa asubuhi moja, tukicheka.

Unakumbukwa na mwanao Dobromir na mkewe Sabina, binti yako Jagoda, shemeji yako Zenon, na dada yako Apolonia, ambaye hajatusemesha tangu siku ile alipotusimulia habari za makopo.

Kukusahau hatutaweza, Mama, hata tungetaka.