Msalaba wa Chaki Mlangoni

Nyumba ya Wajane, Ledbrook
14 Juni 1957

Mdogo wangu Enid,

Mimi mzima, na waridi la uani limechanua. Jumanne msanifu majengo alipima vyumba vyetu kumi na viwili. Msimamizi anadai wanatengeneza dohani. Mbona basi alipima ukuta ulio kati yangu na Bi Peasgood, kisha akachora msalaba wa chaki mlangoni kwangu?

"Wanaunganisha viwili kuwa kimoja," Bi Peasgood alinicheka. "Mwenye msalaba ndiye anayehama. Funga mizigo, shoga."

Yote nimeyaandika kwenye shajara, isipokuwa la leo alfajiri: msalaba sasa uko mlangoni kwake. Ukija Jumapili niletee sabuni kali. Chaki haitoki kwenye mkono wa koti langu.

Dada yako,
Maud