Uso wa Mama na Lenzi Isiyo na Jina

Baba yangu mpendwa,

Kopo lako la lenzi liko kwangu Kibondo, juu ya kabati la vyombo, mbali na unyevu kama ulivyokuwa ukiagiza. Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana makoti yako na baiskeli. Walipofika kwenye lile kopo la maziwa lililojaa vioo na vyuma wakasema hayo mpeni mwalimu, ndiye aliyekuwa akimsaidia baba yake. Nikapokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama binti mwema. Nimechoka kuwa binti mwema, Baba. Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai, na leo naliandika mbele za watu.

Ulikuwa mpiga picha maisha yako yote, kwanza katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, kisha Kasulu mjini tulipopata uraia. Ulipiga harusi, vipaimara, misiba na vitambulisho vya nusu ya wilaya. Mkeo hukumpiga. Kila asubuhi Mama alisimama mbele ya pazia ili upate fokasi kabla wateja hawajaja. Ulinisimulia mwenyewe: unamsogeza kushoto, unamwinua kidevu, unazungusha lenzi mpaka kope zake zinaonekana mojamoja, kisha unamwambia, "Haya, toka." Mkanda ulikuwa wa wateja. "Wewe nitakupiga kesho," ulimwambia, mpaka homa ikamchukua nikiwa bado natambaa.

Ikabaki picha moja tu, ile ya kwaya ya akina mama mbele ya kanisa. Mama alikuwa wa mwisho kulia, mstari wa nyuma, uso wake mdogo kuliko punje ya mahindi. Negativu ziliharibiwa na mvua paa lilipovuja. Nimekua nikiinuliwa niitazame ile fremu ukutani, nikionyeshwa kwa kidole, na nakiri kwamba sikuwahi kuona zaidi ya kitambaa cheupe na doa la kahawia.

Simu zilipoiua studio yako ndipo ulipotangaza kwamba sasa utautoa ule uso pale na kuukuza. Jicho moja lilikuwa limeshaingia ukungu. Nilikuletea kamera ya mtumba kutoka Mwanza, nikakutania: Baba, si tupige tu na simu?

"Simu inabuni," ulisema. "Haimjui mama yako. Itanitengenezea mwanamke mwingine."

Basi kila Jumamosi nikawa napanda basi kuja Kasulu, tunamwaga kopo juu ya mkeka. Lenzi saba, nyingi zimefutika majina. Ulinifundisha kuzisoma. Kwanza maandishi ya ukingoni: ikiwa urefu wake umeandikwa kwa sentimita badala ya milimita, hiyo ni mzee. Kisha unaielekeza dirishani na kuhesabu madirisha madogo yanayoonekana ndani yake, ujue imepangwa vioo vingapi. Mwisho thredi, zile nyuzi za skrubu pale inapofungwa kwenye kamera. Mbili zilikuwa na mdomo wa milimita arobaini na mbili kamili, na mimi kwa haraka zangu nikaikaza moja kwenye adapta ya mwenzake. Ikakwama kabla haijamaliza mzunguko. Ulininyang'anya.

"Upana ni mmoja, nyuzi ni mbalimbali," ulisema ukipitisha ukucha. "Hii zimebanana, hii zimeachana. Ukisikia kitu kinakataa, usilazimishe, mwana wanje. Rudisha nyuma." Ulipoonya uliniita mwanangu kwa Kirundi chetu.

Tuliyoihitaji haikuwa hata lenzi ya kamera. Ilikuwa ndogo, haina jina wala pete ya fokasi. Uliigeuzageuza, ukaipima thredi, ukacheka peke yako. Ilitoka kwenye mashine ya kukuzia picha uliyokuwa nayo katika chumba cha giza kambini. "Hii ilizaliwa kutazama kitu bapa kwa karibu," ulisema, "na picha ya mama yako ni kitu bapa." Tukatoboa kifuniko cha kamera, tukagundishia kipande cha bomba la plastiki, ndani ukakipaka rangi nyeusi ya ubao isiakisi mwanga. Kwa kuwa haikuwa na pete, fokasi tuliipata kwa kukipandisha kile tunachokipiga juu ya rundo la karatasi zangu za mitihani, tukiongeza moja, tukipunguza moja. Tulipojaribu kwenye pindo la kitenge cha Shangazi, dada yako uliyeishi naye, uzi mmoja ukaonekana mnene kama kamba ya mbuzi. Ulisogeza lile jicho zima kwenye skrini, ukajipiga kofi gotini kwa furaha, "Ego! Ego!" yaani ndiyo, ndiyo. Sijawahi kukuona na furaha vile.

Likizo ilipofika, Jumatatu asubuhi ukaenda hospitali ya Kabanga kuangaliwa macho. Ukasema tusubiri urudi, tuipige pamoja.

Sikusubiri. Nilitaka urudi uikute tayari. Kioo cha fremu kilikuwa kinarudisha mwanga wa dirisha, nikaamua kukiondoa, nikidhani picha imeegemea tu. Miaka yote ya unyevu ilikuwa imeigandisha. Nilisikia inakataa, Baba. Nikavuta. Mwisho wa mstari wa nyuma, pale aliposimama Mama, ukabaki kwenye kioo, na nilipojaribu kuubandua kwa wembe ukawa unga.

Aliyesimama kando ya Mama alikuwa Veronika, aliyeimba naye sauti ya pili. Yeye alisalimika. Nikampiga yeye. Nikaenda kusafisha picha mjini, kubwa, nikaitia kwenye fremu mpya, na ile ya kwaya nikakwambia nimeipeleka Kibondo isiharibike. Uliishika kwa mikono miwili ukaisogeza mpaka puani. 

"Asante, mwana wanje," ulisema. "Umefanya kazi ya fundi."

Ukaomba itundikwe kando ya kitanda chako. Nami nikashusha pumzi. Mwaka mzima nilikuja Jumamosi zangu, nikakuletea mihogo, nikakusomea barua za parokia, nikapanda basi nikijisifu kwamba nimemfurahisha mzee. Tulikuzika wakati wa mvua, na picha ile ikawekwa juu ya kifua chako.

Baada ya matanga Shangazi alinifuata jikoni. Alisema kesho yake tu, siku ya pili baada ya mimi kukupa picha, ulitoa kiti mlangoni kwenye jua, ukaiweka lenzi ndogo juu ya picha na kuchungulia asubuhi nzima. Akakuuliza unatafuta nini.

"Huyu ni Veronika," ulimwambia. "Mtoto ameiharibu ile nyingine. Usimwambie kwamba nimejua, ataogopa kuja nyumbani."

Ataogopa kuja nyumbani! Baba, ulilala mwaka mzima kando ya uso wa mke wa mtu ili mimi niendelee kuja na mihogo yangu. Ungenigombeza. Ungenitupia ile fremu. Ningelia siku mbili, tatu, kisha tungekaa pale mlangoni nikakuuliza Mama alikuwaje. Sikuuliza hata mara moja, unajua? Kila ulipoelekea kumtaja nilibadilisha mazungumzo, nikiogopa ukianza kueleza pua yake nitaropoka. Na wewe hukueleza, ukadhani utaniumiza. Mtu pekee aliyemtazama kwa karibu, kope moja baada ya nyingine, alikuwa amekaa mbele yangu Jumamosi baada ya Jumamosi, tukizungumzia bei ya mbolea.

Shangazi hakumjua vizuri. Alikuja kuishi nasi Mama ameshazikwa. Nilimtafuta Veronika, nikaambiwa alirudi Burundi zamani, hakuna ajuaye wapi. Wanafunzi wangu huniambia nina paji pana, nami husimama mbele ya kioo nikijiuliza ni lako au ni lake.

Sikuombi msamaha, kwa sababu ulinisamehe kabla sijaomba, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kaburi lenyewe. Pumzika, Baba. Ukimkuta Mama, mwambie nampenda, na umwambie kwa upole, kama unavyojua wewe, kwamba siku nitakapofika itabidi aje yeye mbele aniite, maana mimi sitamtambua.

Ni mimi,
binti yako wa pekee