Seti Kwenye Kiti cha Kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Baba Mdogo Otmari, maana najua miwani ya Mama bado ina ufa na wewe ndiye unayemsomea barua hapo kibarazani, mtaani kwetu Lizaboni. Nakuomba usome yote, neno kwa neno. Kuna mahali jina lako linatajwa kwa ubaya kidogo. Ukiruka hapo Mama atajua tu, sauti yako hubadilika ukidanganya.

Hamjambo wote? Goti lako la kushoto, Mama, linaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Usiende sokoni asubuhi bila soksi. Mimi ni mzima kabisa. Niko bado kwenye chumba cha kufulia cha ile hoteli huku Ayalandi, mashuka na mataulo kutwa, mikono imekuwa kama ya fundi mwashi. Lakini mwaka huu sikuandikii malalamiko. Nina habari, na simuni isingewezekana, kwa sababu ungenikatiza kila dakika kuniuliza nimekula nini.

Nimeshinda, Mama. Nimeshinda kwenye karata!

Baba Mdogo, mwambie asishike rozari kwanza. Hakuna hata senti iliyowekwa mezani. Tunacheza kwa vifungo vya mashati ya wageni, vile vinavyodondokea ndani ya mashine. Tumejaza kopo zima. Kinachogombewa ni likizo. Krismasi hoteli inajaa, na idara yetu inaruhusiwa kumwachia mtu mmoja tu aondoke Desemba yote. Zamani watu walikuwa wananuniana mpaka Pasaka kwa ajili ya nafasi hiyo. Ndipo wakakubaliana wenyewe: kila mwezi wa saba tunacheza poka, na mshindi ndiye anayekwenda kwao. Msimamizi wetu anaandika jina la mshindi kwenye ratiba, basi, hakuna rufaa.

Sasa unaelewa kwa nini kila mwaka uliponiuliza, "Krismasi hii unakuja?" nilikujibu, "Mwakani, Mama." Miaka mitano nimesema mwakani. Mwaka jana hukuuliza. Uliniambia tu mahindi yamekubali, na dada Tekla kahamia Ruhuwiko, ukaniaga. Niliumia siku ile kuliko siku zote nilizokaa huku, na nikaapa kwamba mwaka huu nitakuja.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mnasema kwa zamu kuzunguka meza: unaingia au unatupa. Baadaye zinafunuliwa karata tano katikati, ni za wote, na kila mtu anaziunganisha na zake; mwenye jozi kubwa kuliko wenzake anazoa vifungo. Mwenye tabu ni yule anayetangulia kusema, kwa sababu hajui wenzake nane waliobaki wameshika nini. Wa mwisho ameshawasikia wote.

Na hapa ndipo unapoingia wewe, Baba Mdogo. Nani alinifundisha karata? Nani alinipiga kofi la mgongo kila nilipopata ree na seti, akisema, "Hapo umeolewa, mwanangu"? Kwetu ree, ile yenye herufi A, inahesabika kumi na moja, seti kumi, na mfalme anaambulia nne kama masikini. Basi mara ya kwanza nilipokaa kwenye meza ya huku, kiti cha kwanza kusema, nikaletewa ree na seti. Moyo ukaniruka. Nikasukuma vifungo vyote mbele. Ree nyingine ikafunuliwa mezani, nikataka kupiga kigelegele. Kumbe Marek, Mpolandi anayeendesha mashine kubwa, alikuwa ameshika ree na mfalme, na ree zikilingana, karata ya pili ndiyo inayoamua. Na huku, Baba Mdogo, mfalme ni mfalme kweli. Seti ni namba saba tu, haina cheo chochote. Nikawa wa kwanza kutolewa mezani. Na mwaka uliofuata, usicheke, nikarudia kosa lile lile.

Aliyeniokoa ni Dolores, Mfilipino ninayesali naye Jumapili. Aliniuliza siku moja, tukiwa tunakunja mashuka, "Kwani Skola, hiyo saba ni ndugu yako?" Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa juu ya kapu la nguo. Kisha akaanza kunifundisha wakati wa chakula cha mchana, mwaka mzima. Akaniandikia nyuma ya risiti: ukitangulia kusema, ingia na ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, majeki, makumi; au ree na mfalme, au ree na malkia. Zilizobaki tupa. "Hata ree na seti?" "Hasa ree na seti!"

Nilikariri, lakini mkono haukukubali. Mpaka nilipokukumbuka wewe, Mama, na meza yako ya maharage, ya kwanza kabisa pale unapoingia sokoni. Nilivyokuwa mvivu wa kuchambua! Ukawa unanigombeza: "We Skola, hapa mbele weka yale safi tu. Huyu mteja ndo kwanza anaingia, bado hajaona ya wenzetu. Akikuta jiwe kwangu hasemi kitu, anapita zake." Na Mama Shaibu wa Tunduru, aliyekuwa mwisho wa safu, akiuza hata mchanganyiko na kucheka: "Mie huku nshajua kila mtu kauza nini, Alhamdulillahi, najipangia tu."

Basi ni hivyo hivyo. Kiti cha kwanza ni meza yako. Kiti cha mwisho ni cha Mama Shaibu. Nilipoliona hilo, ile risiti nikaitupa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya misa, kwenye meza ya kupigia pasi. Tulikuwa tisa. Nilipotangulia kusema nilitupa, nikatupa, nikatupa. Marek akawa ananichokoza, "Skola amekuja kusindikiza." Nikatabasamu, nikachambua maharage yangu. Nilipokuwa wa mwisho kusema niliingia hata na karata za kawaida, nikaokota vifungo vya watu walioonyesha uoga.

Halafu, tulipobaki sita, nikiwa kiti cha kwanza, nikainua karata zangu: ree na seti, zote za kopa, nyekundu, zinang'aa. Mama wee! Nilisikia kabisa lile kofi la Baba Mdogo mgongoni. Niliziangalia muda mrefu mpaka mtu akakohoa. Nikasema natupa. Marek na mwenzake wakaingia, ree ikafunuliwa mezani, na Marek akaonyesha ree na malkia. Angenimaliza kama miaka ile. Dolores alinitazama kutoka upande wa pili, akafanya ishara ya msalaba.

Tukabaki wawili, mimi na Marek. Zamu ya kutangulia kusema ni yangu. Nikainua: seti. Nikainua ya pili: seti! Jozi ya saba, Baba Mdogo. Katika watu tisa ningezitupa bila kuwaza. Lakini sasa safu ilikuwa na wauzaji wawili tu, mteja hana pengine pa kwenda, na kwa meza fupi namna ile, hayo yalikuwa maharage safi. Nikasukuma kila kifungo nilichokuwa nacho. Marek akafikiri, akaingia, akafunua mfalme na malkia. Karata tano zikatoka moja moja. Mfalme hakutokea. Malkia hakutokea. Seti zangu zikasimama.

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani wageni wa ghorofa ya nne walikisikia. Dolores alinibeba. Marek alinipa mkono, akasema, "Nenda kamwone mama yako," na nikajua anasema kwa moyo, kwa kuwa naye ana wake. Kwa hiyo, Baba Mdogo, nakusamehe nusu. Nusu nyingine nitakuja kukudai barazani, uso kwa uso, na karata mkononi.

Msalimie dada Tekla na mumewe fundi baiskeli. Mama Shaibu mwambie amenifundisha kitu bila kujua, nitamletea kitenge. Watoto wa jirani walioniombea kwenye jumuiya, waambie sala zao zilifika. Nawe Mama, hiyo meza ya mbele niachie asubuhi moja. Nitayachambua maharage mwenyewe, safari hii bila kugombezwa.

Jina langu limeshaandikwa kwenye ratiba, nimelisoma mara tatu. Baba Mdogo akimaliza kusoma hapa, chukua simu unipigie. Usiniulize nimekula nini. Niulize lile swali uliloacha kuniuliza.

Binti yako anayekaa na simu mkononi,
Skola