Mwanya wa Bikira wa Kilimani

Kimisagara, Kigali
2 Juni 2024

Mwanangu Mutesi,

Salamu nyingi kama mchanga wa mto. Mimi iko mzima, magoti tu ndiyo yanalia. Wewe na watoto huko Bukoba hamjambo? Na kahawa?

Nakuandikia juu ya ile sanamu ya Bikira Maria wa kilimani. Mita ishirini na nane, na kichwa chote ni mkono wangu mimi Munyakazi, Kigali nzima hakuna fundi mwingine angekiweza. Watalii wanapanda kwa mabasi kumpiga picha. Nilimfanya acheke, na meno ya mbele nikamwachia mwanya, inyinya, kama wa mama yako. Mama yako alikufa siku aliyokuzaa na picha yake hatukuwa nayo hata moja. Ile ndiyo picha.

Sasa iko meneja mpya, Muhire. Anasema wageni wanamcheka Bikira kwa pengo, lizibwe. Nimemchapa fimbo mbele ya wageni wake mpaka fimbo ikakatika. Askari wake akanishika, nikamng'ata sikio, damu ikachuruzika mpaka kwenye kola. Miaka sabini na minne mimi.

Njoo umwone mama yako kabla hawajamgusa.

Baba yako

*

Bukoba
23 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, wajukuu zako wanakusalimia. Baba, sikio la mtu? Acha.

Nitakuja Septemba, kahawa ikishakauka na kuuzwa. Na mimi nataka kumwona mama.

Nzeyimana amenipigia simu, yule uliyemfundisha ufundi tangu tuko Karagwe. Muhire amempa yeye kazi ya kuziba. Anasema akija kwako unamrushia mawe, hutaki kumsikia. Kanituma hivi: "Mwambie Muzehe asubiri mvua tu." Nikamuuliza maana yake, akasema wewe ni fundi, utaelewa. Meneja akawa amefika, akakata simu.

Basi subiri, Baba.

Binti yako

*

Kigali
21 Julai 2024

Mwanangu Mutesi,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ingawa nakuandikia kutoka mahabusu.

Nisubiri mvua, mimi? Mvua ni ya wakulima. Alhamisi nilipanda jukwaa la miti, ngazi kwa ngazi, nyundo kiunoni, vijana wakipiga kelele kule chini. Nikamkuta Nzeyimana kwenye mdomo wa mama yako, mwiko mkononi, mwanya ameshauziba. Na ameziba ovyo. Hata ndoo ya maji hakuwa nayo, hakulowesha, hakuchonga vijishimo vya kushikia, kabandika saruji pakavu. Mtu niliyemfundisha mwenyewe miaka kumi na mmoja. Ndiyo hasira ikanipanda zaidi.

Akasema, "Muzehe, tazama vizuri." Nikampiga nyundo ya bega. Mfupa ulilia kama ubao. Akanishika kanzu, akasema tena, "Muzehe, tazama." Nikampiga ya pili. Akaanguka, akagonga mkono wa Bikira, akagonga jiwe.

Askari walinishukia kwa virungu. Meno matatu ya mbele yametoka. Sasa na mimi nina mwanya, mpana kuliko wa mama yako. Sikulia hata kidogo, waulize.

Yeye iko hospitali. Atapona, fundi wangu si wa karatasi.

Baba yako

*

Kigali
29 Septemba 2024

Shikamoo Baba,

Nimekuja gerezani mara mbili, wanasema hutaki kutoka kuonana na mtu. Basi soma.

Nzeyimana hakupona. Alikufa Agosti, hakuna aliyethubutu kukuambia.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa iliyopita, kubwa, pamoja na upepo. Asubuhi watu wa kilimani wakakuta saruji ya mdomoni imedondoka yote, kipande kimoja kizima, kama ganda. Meno hayana hata mkwaruzo. Nimesimama pale chini nikamwona mama. Mwuza tiketi akanitazama mdomo, akaangalia juu, akanirudishia pesa yangu.

Kabagwira, mjane wa Nzeyimana, alikuwa amekiokota kile kipande. Kanipa bila neno baya. Kasema mumewe alimwambia jioni ile aliyopewa kazi: "Nikikataa ataletwa fundi mwingine, atalowesha. Mimi nitabandika pakavu."

Baba, uliandika mwenyewe. Hakuwa na ndoo ya maji.

Nipo kwa Kabagwira. Kipande nikifanye nini?

Binti yako

*

Gerezani
13 Oktoba 2024

Mutesi,

Nimesomewa barua yako, halafu nikaisoma mwenyewe, polepole.

Kwa Kabagwira sina salamu ya kutuma. Usiniombee msamaha kwake.

Kipande kipeleke kaburini kwa Nzeyimana, kijengewe kichwani pake. Tafuta fundi mzuri. Simama naye, usiondoke. Achonge kwanza, halafu aloweshe, maji mengi, aloweshe tena, ndipo aweke saruji.

Kile kisitoke.

Baba yako