Nilisema "Yetu" Mbele ya Kamera

Basi mpendwa mshauri, naomba msaada, na tuendelee palepale nilipokatizwa, maana ile barua ya juzi niliifunga mbiombio mgeni kapiga hodi, nikaituma haina hata kiini, nawe hapo gazetini utakuwa umejiuliza huyu mama anataka nini, kurasa tatu za harusi ya binti wa kaka yake. Kiini ndicho hiki sasa, na jina langu usilichapishe, andika tu mama mmoja wa vilima vya Nablus.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana, siku ya kwanza ya kuvuna zeituni, wanajeshi wametupa ruhusa ya siku mbili tu kufika mashamba ya juu, tukapanda pamoja na binti mmoja mpiga filamu anaitwa Sireen, anatengeneza filamu ya maisha yetu, ya kweli, siyo ya waigizaji, tukafika juu tukakuta walowezi wametangulia na misumeno. Miti thelathini na minane iko chini, mikato bado mibichi, myeupe kama jibini. Miti yenyewe ni ya jirani yangu Rasmiya, Mama Iyad, tumepakana ukuta miaka thelathini na moja, na mimi kule juu sina hata kijiti, yetu ni kumi na miwili hapa nyuma ya nyumba, hilo nakuandikia mwanzoni kabisa usije ukasema nilikuficha.

Sasa ujue sisi watu wa filamu tumewazoea, huyu Sireen alikuwa wa nne kuja kijijini. Wa kwanza alitoka Ulaya, nchi gani sijui, akatuuliza kama tuna ufunguo wa nyumba tuliyofukuzwa, mume wangu Baba Qusai akamwambia, "Ndugu yangu, sisi bado hatujafukuzwa, ufunguo si huo hapo mlangoni, umeugusa ukiingia," yule bwana akasikitika kweli, akanywa chai akaondoka. Kwa hiyo wanachokitaka tunakijua, mama mtu mzima, gauni la kutarizi, mti, na machozi. Na mimi siku ile gauni la kutarizi nilikuwa nimelivaa, si kwa ajili ya kamera, wallahi, lile jingine lilikuwa halijakauka.

Basi Rasmiya alipoiona miti yake hakulia. Neno moja hakusema. Alikaa kwenye jiwe, akavuta tawi lililoanguka, akaanza kuchuma zeituni anatia kwenye ndoo, moja moja, kama vile hakuna kilichotokea, na sisi wote tumesimama. Sireen akamsogelea kwa adabu zake, "Mama mdogo, unajisikiaje?" Rasmiya akamgeuzia mgongo, akachukua ndoo yake akashuka kwenye matuta ya chini kuendelea huko. Mshauri, mimi kimya sikiwezi, kimya kinaniwasha kama upupu, nikaona haya kwa niaba ya kijiji kizima, mtoto wa watu amepanda mlima na mzigo wa vyuma arudi na picha ya mgongo? Nikapiga ukelele, nikakimbilia kisiki kikubwa, goti langu hili bovu likaniacha, nikakikumbatia kisiki nisije nikabingirika, na hapo ndipo kamera iliponigeukia na mdomo ukafunguka wenyewe. "Miti yetu! Watoto wetu hawa!" Mpaka hapo sidhani kama ni kosa, kwetu kila mtu anasema yetu, msiba wa jirani ni wetu, harusi ya jirani ni yetu, hata mkwe wa jirani akiwa na sura nzuri ni wetu. Lakini binti akauliza, "Nani aliipanda, mama mdogo?" Nikasema, "Babu wa mume wangu!" Babu wa mume wangu alikuwa fundi viatu mjini, mti pekee aliowahi kuugusa ni wa kuchongea visigino. "Na hati mnazo?" "Tunazo! Karatasi za enzi za Waturuki, zina mhuri, ziko ndani ya kopo la biskuti!" Kopo lipo kweli, mshauri, lakini lipo kabatini kwa Rasmiya, nililiona siku tulipokuwa tunatafuta uzi.

Lakini machozi yalikuwa ya kweli, hilo naomba uniandikie pembeni. Ile miti nimeivuna na Rasmiya misimu yote tangu niolewe, Qusai wangu uchungu ulinishika chini ya mmojawapo, wakanishusha na punda. Sikuigiza. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Sasa filamu ikaisha, ikaonyeshwa ng'ambo, ikapewa tuzo ya kioo, na kwenye tangazo lake ni mimi, sura yangu kubwa kama mlango, nimekumbatia kisiki. Binamu yangu wa Amman alinipigia, "Fathiya wee, umekuwa mtu mashuhuri na hata nyusi hukutinda?" Nilicheka wiki nzima. Sikufichi, nilifurahi, nani aliwahi kunitazama mimi hivyo, niliacha shule darasa la tano. Ila nilipotumiwa picha ya tangazo kwa simu nikamwomba mwalimu anisomee maandishi ya chini, maana ni ya lugha ya kigeni, akasema yameandikwa, "Fathiya, mwenye shamba." Lakini nikanyamaza, mimi, mimi ambaye nikiambiwa habari ni siri naishiwa pumzi, nimekaa na hiyo moyoni miezi saba. Rasmiya tangazo hajaliona, simu yake ni ile ya vitufe.

Ijumaa hii baada ya swala ya alasiri filamu inaonyeshwa hapa kwetu, ukumbi wa kina mama, viti tumeshaazima. Hilo peke yake ningelimudu, ningesema Mama Iyad samahani, ulimi, tungecheka tungelia yangeisha. Lakini leo asubuhi kaja kwangu na sinia la majani ya mzabibu, tukayaviringishie wali kwake baadaye, macho yanang'aa, sijamwona hivyo tangu miti ikatwe. Kumbe walowezi wamekwenda mahakamani kusema ule mteremko hauna mwenyewe na haulimwi, na wakili kamwambia Iyad atafute picha, filamu, chochote kinachoonyesha familia yao iko pale. "Fathiya," ananiambia, "si kuna ile filamu! Sireen ametuahidi nakala, tukishaitazama Ijumaa, Jumatatu Iyad anaipeleka kwa wakili. Unaona? Na mimi nilimgeuzia mgongo yule mtoto." Akanibusu, shavu hili na hili. Nikasema alhamdulillahi, nikatia chumvi kwenye chai yake. Akainywa yote, maskini, akasema leo chai ina ladha.

Nikamweleza Baba Qusai. Unajua alinijibu nini? "Hongera, mama. Umemnyang'anya jirani shamba bila hata msumeno." Nikamnunia mpaka wakati wa chakula, ambayo kwangu ni rekodi.

Sasa niambie. Nikimwambia Rasmiya atanifukuza, na nikifukuzwa na Rasmiya nitakunywa kahawa na nani, na Baba Qusai? Nikimwambia Sireen, filamu yake inaingia doa, na wale wanaosema sisi Wapalestina ni waongo watapata cha kushika, watasema mnaona, wanalilia miti ya watu. Nikinyamaza, wakili anafungua ile filamu mbele ya hakimu anakuta mwenye shamba ni mwingine, na karatasi za Waturuki ziko kwa mwingine. Nimewaza nijilaze niseme naumwa. Nimewaza labda wakili ataangalia dakika kumi za mwanzo tu, ambazo binamu anasema ni za mbuzi. Lakini mchana huu nimepata wazo zuri, nimwombe Sireen kimyakimya anikate pale ninaposema, aondoe na yale maandishi, Rasmiya asijue kitu, mtu yeyote asiumie, na naona hiyo ndiyo njia ya amani, sasa nataka wewe uniambie tu kama

Ananiita. Yeye mwenyewe, kichwa juu ya ukuta, "Fathiyaaa! Majani yananyauka huku, unamwandikia barua sultani?" Naja, naja! Mshauri, jibu upesi, maana mimi huyu nikikaa naye kuviringisha majani saa nzima bila kusem

*

Fathiya, dada yangu (hilo ndilo jina nililokupa, kama na wengine nilivyowapa, maana uliniomba nisikutaje halafu ukanitajia kijiji kizima pamoja na punda),

Barua zako zote mbili zimefika. Ya harusi ilikuwa nzuri.

Nakuonea huruma, naanza na hiyo. Mtu akiona jirani yake amepigwa na butwaa, na kamera inasubiri, na kilima kizima kimekufa ganzi, si ajabu akapiga kelele. Machozi yalikuwa yako, hilo nimeliandika pembeni kama ulivyotaka. Miti haikuwa yako. Babu hakuwa wako. Kopo halikuwa lako. "Yetu" ya kijiji naijua, na mimi nimezaliwa kijijini. Lakini ulipoulizwa hati ukasema zipo kwako, hapo hukuwa unaongea kwa niaba ya jirani, hapo ulikuwa umeshakaa kwenye kiti chake. Na miezi saba umekikalia, ukifurahia sura kubwa kama mlango. Si dhambi kufurahi. Ila usiniambie kilichokuziba mdomo ni kumhurumia Rasmiya.

Sasa hilo wazo lako zuri. Hapana. Nakwambia hapana mara moja tu na ulisikie. Filamu imeshaonyeshwa ng'ambo, nakala zipo, tangazo lipo kwenye simu ya binamu yako. Mkiikata kimyakimya, wakili wa upande wa pili ataleta nakala ya zamani mbele ya hakimu, atauliza kwa nini imekatwa, na Iyad atasimama pale hana jibu kwa sababu hakuna aliyemwambia. Njia yako ya amani inampeleka mtoto wa Rasmiya mahakamani akiwa amefumbwa macho.

Unasema unaogopa watu watasema sisi ni waongo. Wanaosema hivyo hawakukusubiri wewe, walianza kabla hujazaliwa. Sireen ni mtu mzima na ana kazi yake, akijua kosa atalirekebisha hadharani, ataandika jina sahihi na ataeleza kwa nini. Atakasirika, na ana haki. Na yeye ana la kujibu: aliuliza hati, hakuomba kuziona.

Ila kuna kitu anacho ambacho wewe umekitaja kama aibu. Anayo picha ya mwanamke amekaa kwenye jiwe, miti yake iko chini, na anachuma zeituni kwenye matawi yaliyokatwa ili mafuta ya mwaka yasipotee. Kulia angeweza kulia yeyote, ulilia wewe. Lakini siku ile ni mmoja tu aliyefikiria mafuta. Muulize wakili kama hataki kuiona hiyo, ule mgongo na ile ndoo. Mwambie Sireen aitafute popote alipoitupa.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Ukilisoma, usimalize ukurasa wa pili. Nenda kwa Rasmiya. Usiende na sinia, usiende na machozi, usianze na hali ya hewa. Sema, "Kwenye filamu nilisema shamba lako ni langu na hati zako ni zangu, na imeandikwa hivyo." Kisha funga mdomo. Najua. Funga hivyo hivyo. Akinyamaza nusu saa, na wewe nyamaza nusu saa, safari hii ukimya wake si wa kujazwa. Alhamisi mpigie Sireen, Rasmiya akitaka awe amekaa kando yako, asipotaka piga peke yako. Ijumaa kabla taa hazijazimwa, simama ukumbini useme mwenyewe mbele ya kina mama wote. Wakucheke. Utapona.

Halafu kuna jambo hukuliona kabisa, na ndilo kubwa kuliko yote. Walowezi wanasema mteremko ule haulimwi na hauna mwenyewe. Wewe umeuvuna na mwenyewe misimu thelathini na moja. Mahakamani hiyo inaitwa shahidi, na hakuna anayejua mti gani huzaa mwaka gani, na ukuta upi ulijengwa na nani, kama mtu mwenye mdomo kama wako. Ukaueleze ukweli kwa kiapo, pamoja na ule uongo wa kwenye kamera, wote, kabla hajautaja mtu mwingine.

Na Rasmiya akikufukuza, ondoka, usibishane naye mlangoni. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe umefika kwa wakili, umefukuzwa hivyo hivyo, kitambulisho mkononi.